Kabla ya kusaini fomu ya safari ya mtoni: Afya ya mwanao na siku tatu za Mto Nile

Fomu imeletwa nyumbani. Mwanao wa kidato cha tano amealikwa na wenzake kwenda Jinja, Uganda, kwa siku tatu. Mchana watashuka Mto Nile kwa boti ya mpira wakiongozwa na wenye uzoefu, usiku watalala kwenye mahema kando ya mto. Picha zinavutia: vijana wamevaa kofia ngumu, maji meupe yanawarukia usoni, kila mmoja anacheka. Chini kabisa pana mstari unaosema kwamba mzazi anathibitisha mtoto wake ana afya njema.

Wazazi wengi husaini hapo haraka ili wasimkatishe mtoto tamaa. Wengine hukataa moja kwa moja kwa sababu mtoto ana pumu au siko seli, bila kumuuliza daktari. Njia zote mbili zina kasoro. Ya kwanza inaweza kumweka mtoto hatarini, na ya pili inaweza kumnyima jambo ambalo angeliweza kwa maandalizi kidogo. Haya pia yanakuhusu wewe mtu mzima unayeishi na ugonjwa wa muda mrefu na umealikwa safari ya namna hiyo na wafanyakazi wenzako.

Fahamu kwanza ni mto wa aina gani

Mto Nile unatoka Ziwa Victoria hapo Jinja, na michezo ya kushuka mto kwa boti za mpira imekuwapo hapo tangu miaka ya 1990. Bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, na lile la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, yalifunika baadhi ya maporomoko, lakini sehemu iliyobaki bado ina mikondo yenye nguvu kubwa.

Mikondo hupangwa kwa madaraja kuanzia 1 hadi 6. Daraja la 1 ni maji yanayotembea taratibu. Daraja la 3 lina mawimbi yanayotikisa boti, lakini njia yake inaonekana. Daraja la 5 ni mkondo mkali sana, ambamo boti kupinduka ni jambo la kutarajiwa. Daraja la 6 kwa kawaida halipitwi na wageni. Boti hubebwa nchi kavu na watu huzunguka kwa miguu.

Hivyo swali lako la kwanza kwa waandaaji liwe: watapita mikondo ya daraja gani, na je, ipo njia ya maji tulivu kwa asiyetaka au asiyeweza? Uliza pia umri wa chini unaoruhusiwa. Mtoto mdogo asiingizwe kwenye daraja la 5 kwa sababu tu kaka yake anakwenda.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuzama

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu nusu yao walikuwa chini ya umri wa miaka 30. Wengi hawakuwa kwenye michezo. Walikuwa wakichota maji, wakivua au wakivuka mto. Lakini funzo ni lile lile: maji hayachagui aliye hodari.

Kujua kuogelea husaidia, ila kwenye maji yenye povu hata muogeleaji mzuri huzama asipokuwa na jaketi la kuokolea maisha, kwa sababu povu limejaa hewa na halimbebi mtu vizuri. Jaketi linalopwaya nalo ni hatari, maana linapanda usoni na kumwacha mtu chini. Mfundishe mwanao kipimo hiki rahisi: avae, afunge mikanda yote, kisha mwenzake ashike mabega ya jaketi na kulivuta juu kwa nguvu. Likifika masikioni, halijabana. Abadilishe au akaze.

Mambo mengine matatu ayajue kabla ya kufika. Kwanza, akianguka alale chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji. Pili, asijaribu kusimama kwenye maji yanayokwenda kasi hata kama kina ni cha magoti. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo humsukuma mtu akainama na kichwa kikazama. Tatu, mkono mmoja usiachie mpini wa juu wa kasia wakati wote akiwa kwenye boti. Meno yaliyovunjika na midomo iliyopasuka katika mchezo huu mara nyingi husababishwa na kasia la jirani, si jiwe.

Kama mtu ametolewa majini hapumui, sahau mazoea ya kumning'iniza kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili atapike maji. Hupoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Aliyezama amekosa hewa, hivyo anahitaji hewa kwanza. Alazwe chali mahali pagumu, kidevu kiinuliwe, apuliziwe pumzi mdomoni huku pua imebanwa, kisha kifua kiminywe mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike. Akizinduka apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuanza kushindwa kazi saa kadhaa baadaye.

Nani aende, nani asubiri

Kifafa: Mtu ambaye bado anapata degedege asiingie kwenye maji yenye kasi. Degedege ndani ya maji ni jambo la sekunde chache, na jaketi haliwezi kumzuia kuvuta maji. Ambaye ametulia kwa muda mrefu kwa dawa aamuliwe na daktari wake, si na mwalimu wala rafiki. Kukesha na kusahau dozi ni vichochezi vikubwa vya kifafa, na vyote viwili hutokea kwa urahisi kambini.

Pumu: Kijana ambaye pumu yake imedhibitiwa anaweza kwenda. Ambaye wiki hii ameamka usiku kwa kubanwa, au anatumia inhela ya kutuliza mara kwa mara, asubiri. Anayekwenda abebe inhela mbili, moja kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya boti yake, nyingine kwa kiongozi. Inhela iliyobaki kwenye begi la nguo ndani ya gari haina msaada katikati ya mto. Moshi wa kuni nao hubana kifua, hivyo hema lake liwe mbali na moto.

Siko seli: Vitu vinavyoleta maumivu makali ya ugonjwa huu vyote vipo kwenye safari hii, yaani kukaa na nguo mbichi kwenye upepo, kuchoka sana, kupungukiwa maji mwilini na maambukizi. Kwa wagonjwa wengi mikondo mikali siyo mahali pao. Daktari akiridhia, iwe ile njia ya maji tulivu, pawe na nguo kavu kila kituo, maji ya kunywa muda wote, dawa za maumivu, na aendelee na dawa zake za kinga dhidi ya malaria. Homa ikianza kambini asiambiwe avumilie hadi asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Kisukari: Kupiga kasia kwa saa nyingi hushusha sukari. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, kiwewe na kuongea ovyo, na wenzake wanaweza kudhani ni woga wa mto. Angalau watu wawili kwenye boti wajue ana kisukari na wapi zilipo glukosi au pipi. Insulini isiachwe juani wala isigusane na barafu. Chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi, insulini ikiwa ndani ya mfuko mkavu, huitunza vizuri mchana wa safari.

Moyo, shinikizo la damu na upasuaji: Mwenye tatizo la moyo, mwenye presha isiyotulia, mwenye bega linaloteguka na aliyefanyiwa upasuaji miezi ya karibuni wapate kibali cha daktari kwanza. Mjamzito asiende kwenye mikondo mikali kabisa.

Ualbino: Jinja iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na maji hurudisha jua usoni kama kioo. Kijana mwenye ualbino anahitaji fulana ya mikono mirefu, suruali, mafuta ya kuzuia mionzi yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili, na kofia pana kila anapovua ile ngumu. Kama hayo hayawezekani, apewe nafasi ya kusafiri na gari la mizigo na kukutana na wenzake kambini. Ngozi iliyoungua leo ndiyo huleta saratani miaka ya mbele.

Haya yote yanadai jambo moja gumu kwa vijana: kusema. Wengi huficha ugonjwa wao ili wasichekwe. Zungumza naye mapema, na umwandikie kiongozi wa safari karatasi moja yenye jina la ugonjwa, dawa na dozi, dalili za hatari na namba yako ya simu. Mwambie mwanao kwamba umeiandika na kwa nini. Siri hii ikivuja kwa mtu sahihi, ndiyo itakayomlinda.

Chanjo na hema

Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaoingia. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuipata siku moja kabla ya kufika mpaka wa Mutukula hakusaidii. Dozi moja inatambuliwa kwa maisha yote, hivyo tafuta kwanza kadi ya zamani. Ni chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Anayetumia dawa zinazoshusha kinga au anayeishi na VVU amwone daktari kabla ya kuchanjwa. Hakikisha pia chanjo ya pepopunda iko kamili, maana mikwaruzo ya mawe haikosekani.

Kambini, ugonjwa unaoharibu safari nyingi ni kuhara. Maji ya mto yasinywewe hata kama yanaonekana safi. Yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya kutibu maji na kusubiriwa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Sabuni iwekwe chooni na jikoni, si kwenye begi la mtu. Kila kundi libebe pakiti za ORS, na pakiti moja ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji salama. Kuhara damu, kutapika kila kinachonywewa au kushindwa kukojoa ni sababu ya kuondoka kambini.

Malaria ipo mwaka mzima kando ya Nile. Chandarua chenye dawa, nguo ndefu jioni na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu ni vitu vya lazima, kama vile mswaki. Kwa binti aliye katika hedhi, hakuna kinachomzuia kwenda. Abebe pedi za kutosha kwenye mfuko usioingia maji na aulize mapema wapi atabadilisha.

Kichocho: anayeingia kimyakimya

Sasa tufike kwenye jambo ambalo fomu nyingi hazilitaji. Wasomaji wa Mwanza, Geita, Mara na Kagera wanakijua kichocho vizuri, lakini kijana wa mjini anaweza kudhani ni ugonjwa wa wavuvi tu.

Vimelea vya kichocho hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini, kisha hutoka na kuogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Huchukua dakika chache tu kupenya. Havihitaji kidonda, wala mtu hahitaji kunywa maji hayo. Konokono hawapendi maji yanayokwenda kasi. Hukaa penye majani na maji yaliyotulia ukingoni. Ndiyo maana katika safari ya siku nyingi hatari haiko kwenye mawimbi makubwa pekee. Ipo pia pale vijana wanapofika kambini wakiwa wamechoka, wakaoga, wakafua na kukaa na miguu ndani ya maji.

Si jambo la nadharia. Mapema miaka ya 1980, Wamarekani walioshuka Mto Omo nchini Ethiopia kwa boti za mpira walirudi kwao na kichocho. Mwaka 2007 watafiti waliwapima watu 69 waliokuwa wameingia kwa burudani kwenye Nile ya juu nchini Uganda. Watu 12 kati yao, sawa na asilimia 17, walikuwa na ushahidi wa maambukizi. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba asilimia 18 walikuwa wamekunywa dawa ya prazikwanteli mara tu baada ya kutoka majini, wakiamini wamejikinga.

Kosa hilo linafanyika hata huku kwetu, hivyo nilieleze. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa. Minyoo iliyoingia mwilini wiki hii bado ni michanga na dawa haiiwezi, na dawa yenyewe huisha mwilini ndani ya muda mfupi. Anayeimeza siku ya kurudi hujipa moyo wa uongo, kisha minyoo hukua kwa amani. Wakati unaofaa ni wiki 6 hadi 8 baada ya mara ya mwisho kuingia majini. Dozi hupimwa kwa uzito wa mtu, na daktari ndiye wa kuitoa. Hakuna chanjo ya kichocho hadi sasa.

Kujikinga kunawezekana kwa sehemu. Maji ya kuoga kambini yachemshwe, au yawe yamehifadhiwa kwenye tangi siku mbili bila konokono, kwani vimelea hivyo hufa. Waoge kwa ndoo badala ya kuingia mtoni. Kujifuta haraka kwa taulo kavu kunasaidia kidogo, lakini kusitegemewe.

Homa ya mgunda, ile iliyotikisa Mkoa wa Lindi mwaka 2022, nayo huhusiana na maji. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia kupitia mikwaruzo, macho au mdomo. Mwaka 2000, washiriki wengi wa mashindano ya Eco-Challenge huko Sabah, Malaysia, waliugua baada ya kupita kwenye Mto Segama. Mikwaruzo ya mwanao ioshwe kwa maji safi na sabuni kila jioni na kufunikwa.

Maswali matano kwa waandaaji

Kabla ya kusaini, piga simu na uulize. Je, kila boti ina kiongozi aliyefunzwa uokoaji na huduma ya kwanza, na pana wasindikizaji wa mitumbwi midogo wa kuwaokoa wanaoanguka? Nani hubeba sanduku la huduma ya kwanza, na lina nini ndani? Kutoka kila kambi, ni muda gani kufika hospitali yenye uwezo, kama Hospitali ya Rufaa ya Jinja, na kwa usafiri upi? Mawasiliano yakoje usiku? Na je, mtoto akisema anaogopa mkondo fulani, ataruhusiwa kushuka na kutembea nchi kavu?

Swali hili la mwisho lina uzito. Kiongozi mzuri atakujibu bila kusita kwamba ndiyo. Anayecheka na kusema huku kwetu hakuna waoga, usimkabidhi mtoto. Uliza pia kama bima yako ya afya inalipa matibabu nje ya nchi. Isipolipa, tafuta bima ya safari au tenga fedha za dharura.

Akirudi salama, kazi haijaisha

Wazazi wengi hupumua mtoto akishuka kwenye basi. Lakini magonjwa ya mtoni hayafuati ratiba ya basi. Muwasho na vipele vidogo ndani ya siku moja au mbili vinaweza kuwa alama ya vimelea vilivyopenya kwenye ngozi. Homa kuanzia wiki ya kwanza ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Homa yenye maumivu makali ya misuli ya miguu na macho mekundu iangaliwe kama homa ya mgunda, hata mwezi mmoja baadaye. Homa yenye kikohozi, vipele, maumivu ya tumbo na kuhara kati ya wiki ya 2 na ya 8 inaweza kuwa kichocho cha awali, ambacho mara nyingi hutibiwa kimakosa kama malaria au taifodi.

Miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kukojoa baada ya safari kama hii ni dharura. Ni mara chache, lakini mayai ya kichocho yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo. Kichocho kisipotibiwa kwa miaka huharibu ini, na kuna wanaokuja hospitali wakitapika damu bila kukumbuka waliingia maji gani.

Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani. Weka alama wiki ya 8 baada ya siku ya mwisho majini, na siku hiyo umpeleke mwanao kituo cha afya kwa uchunguzi na dawa, hata kama anacheza mpira na hana dalili yoyote. Katikati hapo, akiugua chochote, mwambie daktari kabla hajaanza kuandika vipimo: huyu alikuwa ndani ya Mto Nile tarehe fulani. Daktari hawezi kukisia safari usiyomtajia, na kuitaja hakugharimu chochote.